Mifupa dhaifu kwa mtoto njiti: kutoka dalili hadi chanzo

Mtoto aliyezaliwa na wiki 27 akiwa na gramu 950 anaweza kufikisha wiki ya sita akiongezeka uzito vizuri, akipokea maziwa yote, akishinda kifuani kwa mama yake, huku mifupa yake ikizidi kupungukiwa madini. Hana homa, hatapiki, hana chochote cha kumshtua muuguzi wa zamu. Siku mkono unapovimba, upungufu una wiki nyingi. Kwa hiyo anayesubiri dalili ndipo apime atachelewa karibu kila mara, na mtoto ndiye atakayeumia.

Mwongozo huu ni wa wauguzi, maafisa tabibu na madaktari wa wodi za watoto wachanga, hasa pale ambapo maabara haina kila kipimo. Mzazi anayeusoma atapata maswali ya kuuliza wodini na kliniki, ila dozi zilizotajwa humu si za kutumia nyumbani.

Nani wa kumtafuta, na lini

Takriban asilimia 80 ya kalsiamu na fosforasi ya mtoto huhamia kwake katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Kwenye kilele cha kipindi hicho kondo la nyuma hupitisha kalsiamu miligramu 100 hadi 120 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku, na fosforasi miligramu 50 hadi 65. Anayezaliwa kwenye wiki ya 27 au 28 amekatiwa mgao huo kabla haujaanza sawasawa.

Sasa piga hesabu ya kile anachopata nje. Maziwa ya mama yana kalsiamu ya miligramu 25 hivi na fosforasi ya miligramu 14 hivi katika kila mililita 100. Mtoto wa gramu 1,200 anayelishwa mililita 180 kwa kilo kwa siku anakunywa mililita 216. Humo mna kalsiamu miligramu 54, yaani 45 kwa kilo, na fosforasi miligramu 30, yaani 25 kwa kilo. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mapendekezo yake ya mwaka 2011 kwa watoto walio chini ya gramu 1,500, lilitaja kalsiamu miligramu 120 hadi 140 kwa kilo na fosforasi 60 hadi 90. Hata kama utumbo wake ungefyonza kila chembe, na haufyonzi, mtoto huyu anapata chini ya nusu ya anachohitaji. Hesabu hii naisisitiza kwa sababu inaondoa lawama: mama hajakosea kitu, na maziwa yake yanabaki kuwa chakula bora kuliko vyote kwa utumbo na kinga ya njiti. Yalitengenezwa kwa ajili ya mtoto aliyetimiza miezi, basi. Kinachotakiwa ni kuyaongezea madini.

Wa kufuatiliwa ni kila aliyezaliwa chini ya wiki 28 au chini ya gramu 1,500, na hasa chini ya gramu 1,000. Ongeza kwenye orodha yeyote aliyekaa kwa lishe ya mshipa zaidi ya wiki nne, aliyepata ugonjwa wa utumbo kuoza akasimamishiwa maziwa, mwenye manjano ya ini kuziba, anayepewa furosemaidi (dawa ya kukojosha) au steroidi kwa siku nyingi, na aliyelazwa bila kusogea kwa sababu ya dawa za usingizi. Aminofilini na kafeini, dawa za kumchochea njiti apumue, nazo huongeza kalsiamu inayopotea kwenye mkojo. Si sababu ya kuzinyima, maana kusahau kupumua kunaua leo, lakini ni sababu ya kuziacha zikishamaliza kazi. Kutokusogea pia kuna uzito wake, kwa kuwa mfupa hujijenga unaposukumwa, na mtoto ndani ya tumbo hupiga teke ukuta wa mfuko wa uzazi kutwa nzima.

Kipimo cha kwanza kifanyike wiki ya nne baada ya kuzaliwa, kisha kila wiki moja au mbili. Andika tarehe hiyo kwenye faili siku mtoto anapolazwa. Njiti wa gramu 1,900 anayenyonya na asiye na tatizo jingine hahitaji kuchomwa sindano kwa ajili hii.

"Majibu ya maabara yamerudi kawaida"

Hapa ndipo watoto wengi hupotea, kwa sababu karatasi ya majibu mara nyingi imechapishwa viwango vya watu wazima. Fosfeti, yaani fosforasi inavyopimwa kwenye damu, kwa mtu mzima ni kati ya 0.8 na 1.5 mmol/L. Njiti mwenye 1.2 atatoka kwenye mashine bila alama yoyote, na daktari mwenye wagonjwa arobaini atapitisha macho tu. Kwa njiti, chini ya 1.8 mmol/L (sawa na 5.6 mg/dL) ni pungufu, na chini ya 1.3 (yaani 4 mg/dL) ni jambo la kushughulikia siku hiyohiyo. Kama maabara yako hutoa majibu kwa mg/dL, gawanya kwa 3.1 upate mmol/L.

Kimeng'enya cha alkalini fosfatesi, ambacho wodini sote tunakiita ALP, kina kosa la upande wa pili. Kikomo cha mtu mzima ni kama 120 IU/L, kwa hiyo kila mtoto mchanga duniani ataonekana yuko juu, na wahudumu huzoea kupuuza alama ile. Njiti mwenye afya anaweza kufika 400 au 500. Toka hapo kwenda juu ndipo pa kuanza kutazama.

Kalsiamu ya damu ndiyo inayodanganya kuliko zote. Mwili hulinda kalsiamu ya damu kwa kuichota mfupani, kwa hiyo itakaa kawaida hadi mwisho kabisa. Kalsiamu ya kawaida haimaanishi mifupa mizima. Mara nyingine ni ushahidi kwamba mifupa ndiyo inayolipa.

Angalia pia sampuli ilichukuliwaje. Kisigino kikikamuliwa kwa nguvu, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga fosfeti iliyokuwa ndani yake, na upungufu wa kweli hufichika nyuma ya namba nzuri. Damu ikipita kwanza kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau kisha ikamiminwa kwenye chupa ya kemia, dawa ya kuzuia kuganda hushusha ALP na kalsiamu na kupandisha potasiamu. Majibu yasiyolingana na mtoto yarudiwe kabla ya kuaminiwa.

ALP imepanda, mtoto anaonekana mzima

ALP peke yake inasema mfupa uko kazini. Haisemi kama unajengwa au unabomolewa. Njiti anayekua haraka huipandisha kwa heri tu, nayo huongezeka kwa watoto wote hawa katika wiki tatu za kwanza. Kwa hiyo jambo la maana ni mwendo wake na namba inayoambatana nayo. Ikiwa juu ya 500 na inaendelea kupanda wiki hadi wiki, mchukulie mtoto kuwa yuko njiani kuugua. Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba ALP juu ya 900 IU/L pamoja na fosfeti chini ya 1.8 mmol/L iliwanasa watoto wote waliokuwa na mifupa yenye madini kidogo, ingawa iliwanasa na wengine wasiokuwa nayo. Bora kumnasa mzima ukampima tena kuliko kumwacha mgonjwa.

Kabla ya kuhukumu mfupa, uliza ini. Mtoto aliyekaa kwenye lishe ya mshipa, mwenye macho ya manjano na kinyesi cheupe, anaweza kuwa na ALP inayotoka kwenye mirija ya nyongo. GGT, kimeng'enya cha ini, ikiwa juu pamoja na bilirubini iliyochakatwa, ini lina sehemu yake. Lakini usiishie hapo ukaridhika, kwa kuwa nyongo ikikwama vitamini D na mafuta havifyonzwi vizuri, na mtoto huyohuyo huwa na hatari kubwa zaidi ya mifupa. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Kinyume chake, ALP ya chini haimsafishi mtoto. Kimeng'enya hiki kinahitaji zinki ili kifanye kazi. Mtoto mwenye upungufu wa zinki anaweza kuonyesha ALP ya kawaida juu ya mifupa iliyochoka.

Fosfeti iko chini

Ningeruhusiwa kipimo kimoja tu, ningechagua fosfeti. Hushuka mapema, mara nyingi wiki kadhaa kabla ya badiliko lolote kuonekana kwenye eksirei. Ila ina njia mbili za kushuka, na tiba ya njia moja huidhuru nyingine. Hili ndilo fundo la ugonjwa wote, na wengi hulipita kwa kuandika "fosfeti" kwenye karatasi ya dawa bila kuuliza zaidi.

Njia ya kwanza ni kwamba fosforasi yenyewe haiingii ya kutosha. Mtoto anakunywa maziwa ya mama yasiyoongezewa kitu. Figo zinatambua njaa hiyo na kung'ang'ania kila chembe, kwa hiyo fosfeti ya mkojo ni kama haipo. Kalsiamu, ikikosa mwenzake wa kujenga naye mfupa, hubaki damuni na kumwagika kwenye mkojo. Homoni ya parathiroidi, PTH, iko kawaida au chini.

Njia ya pili ni kwamba kalsiamu ndiyo inayokosekana. Labda furosemaidi inaitoa kwenye mkojo, labda vitamini D haitoshi kuifyonza, labda mtoto alianzishiwa fosfeti peke yake wiki mbili zilizopita. PTH hupanda ili kuilinda kalsiamu ya damu: inabomoa mfupa, na wakati huohuo inaziamuru figo zitupe fosfeti. Damuni unaona picha ileile, fosfeti chini na ALP juu. Ukimwongezea fosfeti mtoto huyu, itafunga kalsiamu kidogo iliyobaki, PTH itapanda zaidi, na mfupa utazidi kuliwa. Umetibu namba kwa gharama ya mtoto.

PTH inamaliza ubishi ikipatikana. Ikiwa juu, kwa mfano zaidi ya 180 pg/mL, anza kufikiria kalsiamu. Ikiwa haipatikani, mkojo kidogo tu kwenye chupa unaweza kusaidia. Chukua mkojo na damu kwa wakati unaokaribiana, pima fosfeti na kreatinini kwenye vyote viwili, kisha piga hesabu ya kiasi cha fosfeti ambacho figo zimerudisha mwilini: zidisha fosfeti ya mkojo kwa kreatinini ya damu, gawanya kwa fosfeti ya damu iliyozidishwa kwa kreatinini ya mkojo, toa jibu hilo kwenye 1, zidisha kwa 100.

Mfano: fosfeti ya damu 1.2 mmol/L, ya mkojo 0.4 mmol/L, kreatinini ya damu 40 na ya mkojo 800, zote kwa mikromoli kwa lita. Juu ni 16, chini ni 960. Figo zimerudisha zaidi ya asilimia 98. Ikizidi 95 wakati fosfeti ya damu iko chini, mtoto ana njaa ya fosforasi. Mtoto mwingine mwenye damu ileile, lakini fosfeti ya mkojo ni 8, atapata asilimia 67. Yeye anaitupa fosfeti ilhali hana ya kutosha. Muulize PTH, muulize kalsiamu, angalia karatasi ya dawa. Kumbuka kwamba figo changa sana, na zilizopitia gentamaisini au dawa za kukojosha, hupoteza fosfeti zenyewe bila PTH kuhusika; jibu la hesabu hii lisomwe pamoja na historia. Na vipimo viwe vya aina moja pande zote. Maabara nyingi hutoa kreatinini ya damu kwa mikromoli na ya mkojo kwa milimoli, na hapo jibu hutoka la ajabu.

Kuna fosfeti ya chini ya wiki ya kwanza ambayo si ugonjwa huu. Hutokea kwa mtoto aliyedumaa tumboni na kuanzishiwa asidi za amino kwa mshipa bila fosfeti ya kutosha: seli zinaanza kukua na kuivuta yote ndani, huku kalsiamu ya damu ikipanda. Tiba ni kumpa fosfeti kwa mshipa. Kumpunguzia kalsiamu ili namba ishuke ni kumwongezea deni la mifupa.

Hakuna PTH, na mkojo hauwezi kupimwa

Hospitali nyingi za wilaya ziko hapa, na mtoto hawezi kuambiwa asubiri. Pitia karatasi ya dawa na ya maziwa kwanza. Je, furosemaidi bado inahitajika, au iliandikwa wiki tatu zilizopita na hakuna aliyeifuta? Anapata mililita ngapi kwa kilo ya leo, si kwa kilo ya wiki iliyopita? Vitamini D inatolewa kweli, au imeandikwa tu? Kuna dawa ya asidi yenye alumini? Ifute, kwa kuwa inafunga fosfeti tumboni.

Kirutubishi cha kuongezea maziwa ya mama kikipatikana, ndicho njia salama zaidi, kwa kuwa huleta kalsiamu na fosforasi kwa uwiano unaofaa. Mapendekezo ya WHO ya mwaka 2022 yanasema kinaweza kufikiriwa kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya kilo 1.5. Maziwa ya kuchangiwa, kama yale ya benki ya maziwa iliyofunguliwa Pumwani, Nairobi, mwaka 2019, huokoa utumbo wa njiti, lakini wachangiaji wengi wa maziwa ya aina hii ni mama waliojifungua kwa wakati. Nayo yanahitaji kuongezewa madini vilevile.

Bila kirutubishi, na huku hujui ni njia ipi kati ya zile mbili, toa kalsiamu na fosfeti zote, kwa kiasi kidogo, badala ya fosfeti peke yake. Miongozo ya Marekani huanza na kalsiamu halisi miligramu 20 kwa kilo kwa siku, ikipandishwa taratibu hadi 70 au 80, na fosforasi miligramu 10 hadi 20, ikipandishwa hadi 40 au 50. Hivi ni vya mdomo, na hugawanywa kwa siku nzima. Zisichanganywe kwenye bomba moja la sindano wala kwenye maziwa ya mlo mmoja, maana hugandana na kutofyonzwa. Mlo huu kalsiamu, mlo unaofuata fosfeti.

Neno "halisi" lina uzito. Mililita moja ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 ina miligramu 100 za chumvi, lakini kalsiamu yenyewe ni miligramu 9 tu na ushei. Anayehesabu chumvi kana kwamba ni kalsiamu atampa mtoto chini ya sehemu moja ya kumi ya dozi, kisha atashangaa kwa nini hapati nafuu. Kosa la upande mwingine ni la hatari zaidi. Wahesabu watu wawili, kila mmoja na karatasi yake.

Analia akiguswa, au mkono mmoja hauchezi

Mtoto anayelia kila anapobadilishwa nepi, ilhali akiachwa anatulia, anakuambia kuna mahali panauma. Mara nyingi mama ndiye anayeligundua hili kwanza, kabla yetu sote. Akisema "huyu mkono huu hautaki", mwamini, vua nguo, angalia.

Mvunjiko wa ugonjwa huu huja kwa kawaida kati ya wiki ya 6 na ya 12, kwenye mbavu, mkono wa juu au paja, na mara nyingi hakuna aliyemwangusha. Uvimbe ni kidogo. Piga eksirei ya kiungo hicho na cha upande wa pili.

Lakini usikimbilie mifupa dhaifu kabla ya kuondoa mambo mawili yasiyosubiri. Usaha kwenye mfupa au kiungo kwa njiti huja bila homa mara nyingi. Ngozi ya moto, kiungo kilichojaa, au mtoto aliyezubaa, chukua damu ya kuotesha na anza antibiotiki siku hiyo. La pili ni kaswende ya kuzaliwa nayo, ambayo huumiza ncha za mifupa kiasi kwamba mtoto hunyamazisha kiungo kana kwamba kimepooza. Tafuta majibu ya kaswende ya mama kwenye kadi ya kliniki; kama hayapo, wapimwe wote wawili leo. Kwenye eksirei hushambulia viungo vingi kwa ulinganifu na kuunyanyua utando wa nje wa mfupa. Mvunjiko wa mtulinga ulioonekana wiki ya kwanza ni wa uzazi. Mivunjiko mingi toka siku ya kwanza, pamoja na weupe wa macho wenye rangi ya buluu, ni ugonjwa wa kurithi wa mifupa, nao unahitaji rufaa.

Mivunjiko hii hupona vizuri madini yakirudi. Banzi laini hutosha kwa kiungo kilichovunjika, mbavu huachwa. Mtoto apewe dawa ya maumivu, na hilo lisisahaulike kwa kuwa tu ni mdogo.

Na wazazi waelezwe kwa maneno ya wazi, wakiwa wote wawili. Muuguzi wa zamu hajamvunja mtoto, wala mama hajamvunja. Iandikwe kwenye faili kwamba vipimo vya mifupa vilikuwa hivi na hivi tarehe fulani, kwa sababu miezi mitatu baadaye mtu wa hospitali nyingine anaweza kuiona eksirei ile na kuwashuku wazazi kuwa wanampiga mtoto.

Hatoki kwenye oksijeni, na mapafu hayaelezi kwa nini

Mbavu laini hazisimamishi kifua. Kila mtoto anapovuta pumzi, kifua kinabonyea ndani badala ya kupanuka, naye huchoka. Ukiona njiti wa wiki ya saba au ya nane aliyekuwa akipungua oksijeni sasa ameanza kuhitaji zaidi, tafuta maambukizi, angalia moyo na wingi wa damu, halafu rudi kwenye eksirei za kifua zilizopigwa tayari na uzitazame mbavu. Mivunjiko mingi ya mbavu imekaa kwenye picha zilizopigwa kutafuta nimonia, na hakuna aliyeziangalia. Mtoto huyu asipigwepigwe kifua kwa ajili ya makohozi.

Eksirei haionyeshi kitu

Ni kweli, na haitoshi. Mfupa lazima upoteze kati ya asilimia 20 na 40 ya madini yake kabla jicho halijaona weupe umepungua kwenye picha. Eksirei ya kifundo cha mkono au goti hutumika kupima ugonjwa umefika wapi: kwanza mfupa kuwa mwepesi tu, kisha ncha zake kubonyea na kingo kuchakaa, mwisho kuvunjika. Haitumiki kusema ugonjwa haupo. Ipige ALP inapofika 800 hadi 1,000, au ukishuku mvunjiko.

Uzito unapanda, urefu umesimama

Dalili hii ni ya bure na haichukuliwi. Mizani iko kila wodi. Ubao wa kupimia urefu mara nyingi uko kabatini. Urefu upimwe kila wiki, na watu wawili, kwa mkono wa upole. Pamoja na hilo pitisha kidole nyuma ya sikio uone kama fuvu linabonyea na kurudi, gusa utosi kama umepanuka kuliko unavyotarajia, tazama paji la uso lililotokeza, vifundo vya mikono vilivyonenepa, na vinundu vilivyopangana kama tasbihi pale mbavu zinapokutana na gegedu. Haya yote huja kwa kuchelewa. Ukiyakuta, usianze na kipimo cha wiki mbili zijazo, anza leo.

"Tumempa jua na vitamini D"

Jua la asubuhi ni ushauri uliozoeleka, na matege ya mtoto mkubwa aliyefungiwa ndani yanatokana kweli na ukosefu wa vitamini D. Njiti ni jambo jingine. Vitamini D husaidia utumbo kufyonza madini yaliyopo kwenye maziwa. Haiwezi kufyonza yasiyokuwepo. Apewe matone, 400 IU kwa siku kwa kawaida, na WHO mwaka 2011 iliruhusu hadi 1,000, lakini kuongeza vitamini D juu ya maziwa yasiyo na fosforasi hakujazi pengo. Kumtoa njiti wa kilo moja na nusu nje akapigwe na baridi ili apate jua ni hasara tupu. Kifua cha mama kinamfaa zaidi.

Tiba imeanza, namba hazisogei

Fosfeti ndiyo hupanda kwanza, ndani ya wiki moja au mbili. ALP hushuka polepole, na inaweza hata kupanda kidogo mwanzoni mfupa unapoanza kujengwa upya. Usiipandishie dozi kwa sababu hiyo pekee. Kama fosfeti nayo haijasogea, hakikisha dozi imemfikia: hakutapika, haikubaki kwenye mpira wa pua, haikuchanganywa na kalsiamu. Kama fosfeti imepanda lakini kalsiamu imeshuka, ilikuwa ile njia ya pili. Simamisha kupandisha fosfeti, ongeza kalsiamu, hakikisha vitamini D. Kama kalsiamu inamwagika kwenye mkojo kwa wingi, punguza, kwa kuwa inaweza kutuama figoni. Kiasi kidogo cha kalsiamu na fosfeti pamoja kwenye mkojo ni habari njema: mtoto anapata kidogo zaidi ya anachotumia.

Wakati wote huo, ashikwe kwa viganja, si kwa kuvutwa viungo. Nepi ibadilishwe kwa kuinua makalio au kumgeuza ubavu, kamwe si kwa kuning'iniza miguu kwa vifundo. Kama nyumbani kuna desturi ya kumkanda na kumnyoosha mtoto, bibi aelezwe mapema na kwa heshima kwamba huyu asubiri.

Anaporuhusiwa kwenda nyumbani

Njiti wetu wengi huondoka wakiwa na wiki nne au tano za maisha, uzito ukitosha. Ugonjwa huu hujitokeza kuanzia wiki ya sita. Maana yake ni kwamba wakati wa hatari atakuwa nyumbani, akinyonya maziwa ya mama peke yake, na kirutubishi kimesimamishwa. Aliyezaliwa chini ya gramu 1,500 apimwe fosfeti na ALP wiki mbili hadi nne baada ya kuruhusiwa. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi ya mtoto, pamoja na fosfeti ya mwisho, ALP ya mwisho, dozi ya vitamini D, na maneno haya kwa atakayemwona kliniki: "Akilia anapobebwa au akiacha kuchezesha kiungo, apigwe eksirei siku hiyohiyo."